Chujio la Mosi

Mwaka ule Ursula aliogopa maji kuliko alivyoogopa njaa. Njaa ilikuwa ya watu wote. Mji mzima wa Babati ulikula unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, ukafua nguo kwa majani ya mpapai na kunywa chai isiyo na sukari, na hakuna aliyemcheka mwenzake. Lakini maji yalimwandama mwanawe. Eustace alikuwa hajatimiza mwaka alipoanza kuharisha, na siku alipotolewa hospitali alikuwa mwepesi mikononi kama nguo iliyoanuliwa kambani.

Muuguzi hakupamba maneno. "Mama Eustace, mtoto huyu mwili wake hauna akiba. Maji yake yachemke kweli kweli, au yachujwe kwa chujio la kweli, siyo kitambaa. Akirudi hapa tena hivi, siwezi kukuahidi kitu."

Ursula aliitikia na kuondoka, lakini njia nzima hadi mtaani kwao Bagara alikuwa akijiuliza atachemsha kwa moto gani. Vilima vya karibu vilikuwa vimebaki vipara. Mkaa ukiingia mjini uligombewa kabla haujashushwa. Mafuta ya taa yalikuwa yamegeuka hadithi. Kuni alizopata zilitosha kusonga ugali mara moja kwa siku. Na bomba la uani, siku nyingi lilikohoa upepo tu, kwa sababu mtambo wa kusukuma maji ulikosa dizeli. Lilipotoa maji, yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na ukiyaacha yatuame yaliweka tope chini ya ndoo. Likikauka kabisa, watu walikwenda ziwani wakachota pale pale waliponywea ng'ombe na viboko.

Aliishi na mumewe Sylvesta na mama mkwe wake, Bernadina, aliyeteremka kutoka milima ya Mbulu baada ya kufiwa na mume. Sylvesta alikuwa mpima mizigo kwenye ghala la mazao. Tena alikuwa mgambo, na mwaka ule kazi ya umgambo ilimeza ile nyingine. Redio ilikuwa imetangaza vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Mtu aliyekutwa na katoni ya sabuni au jora la kitambaa asiloweza kulieleza alibebwa. Watu walitupa vitu vyao chooni kwa hofu, wengine wakavizika mashambani. Sylvesta alitoka asubuhi na kurudi amechoka, hasemi alikoingia wala alichokiona.

Basi asubuhi moja, Sylvesta akiwa ameshaondoka, Mosi aliingia kwa mlango wa uani. Alikuwa mke wa Bushiri mwenye duka, jirani wa nyumba ya tatu, na yeye na Ursula walikuwa wakiazimana chumvi na moto tangu Ursula alipoolewa. Alibeba mzigo uliofungwa kwa khanga mbili. Hakuketi.

"Mama Eustace, nakuomba unifichie kitu," alisema. "Leo au kesho watakuja dukani kwetu. Kwako hawatakuja, mume wako ni mwenzao."

Alifungua khanga. Ndani yake mlikuwa na vyombo viwili vya bati jeupe vinavyopandana kimoja juu ya kingine, cha chini kikiwa na bomba dogo. Ursula alichungulia cha juu akaona vitu viwili vyeupe vimesimama, vinene kama mishumaa ya altareni.

"Ni chujio," Mosi alisema. "Bushiri alilileta kutoka Nairobi kwa ajili yetu, siyo la kuuza. Unamimina maji juu, yanapenya kwenye hivi vyeupe, yanadondoka chini yakiwa safi. Mtoto wangu Sijaona, tangu aanze kuyanywa, hajaumwa tumbo. Lifiche, lakini usilifiche likiwa kavu. Mnyweshee mtoto."

Ursula alisimama akilitazama. Alijua kwamba akilipokea, anaingiza magendo katika nyumba ya mgambo. Alijua pia kwamba asipolipokea, atarudi kwenye ndoo yake ya tope. Mgongoni Eustace alikuwa amelala, na joto lake lilikuwa dogo mno.

"Lete," alisema.

Alilificha stoo, nyuma ya kihenge cha mahindi ambacho mwaka ule kilikuwa kitupu, akalifunika gunia. Sylvesta hakuwa na shughuli stoo. Bernadina ndiye aliyeligundua kabla jua halijawa kali, kwa sababu alisikia matone.

"Kitu gani kinalia huko ndani?"

Ursula alimweleza. Bibi alisikiliza akiwa amekunja uso. "Maji ni maji," alisema kwa Kiswahili chake kizito cha milimani. "Hata haya ya bomba mimi siyapendi, lakini yametoka ardhini. Hayo yamepita kwenye mawe ya watu tusiowajua. Sylvesta nimemlea kwa maji ya kijito, na leo ni mwanaume."

"Na wale watatu uliowazika, mama?"

Neno lilimtoka Ursula kabla hajalipima, na hakuna mkwe anayepaswa kumwambia hivyo mama wa mumewe. Bernadina aliinuka, akaenda kukaa uani, akawapa kuku mgongo. Siku nzima hakuongea na mtu. Lakini jioni Ursula alipoingia stoo alikuta chombo cha juu kimejazwa, na gunia limefunikwa vizuri kuliko alivyokuwa amelifunika yeye.

Eustace alianza kupata nafuu. Kwanza choo chake kiligandana, kisha akaanza kulilia uji. Macho yakarudi mahali pake. Ursula alimtazama kama mtu anayevuka mto kwa mti mmoja, haangalii chini. Kila alipomimina maji ya bomba juu na kuyakinga chini, aliyainua kwenye mwanga na kushangaa upya. Na kila Sylvesta alipokaa sebuleni, aliongea kwa sauti au kugonga sufuria, ili matone yasisikike.

Msako ulipofika Bagara ulifika mchana, na haukuanzia kwa Bushiri. Heriel, kiongozi wa kikosi, mtu mrefu asiyecheka, alisimama mlangoni mwa Ursula na mgambo wanne nyuma yake. Sylvesta alikuwa mmoja wao.

"Shikamoo, bibi," alimwamkia Bernadina. "Mtusamehe. Tumekubaliana tuanze na nyumba zetu wenyewe, wananchi wasiseme tunabagua."

"Marahaba. Ingieni," alisema Bernadina.

Waliinua godoro, wakafungua sanduku la nguo, wakachungulia chini ya kitanda. Ursula alikuwa amembeba mtoto, akimtingisha ingawa halii. Mgambo mmoja alisukuma mlango wa stoo, akaona giza na kihenge, akakigonga kwa rungu. Kililia utupu. Ursula alisikia tone moja, halafu jingine. Yalimlia masikioni kama nyundo. Mgambo yule alirudi nyuma akaufunga mlango.

"Hamna kitu," alisema.

Wangeondoka hapo. Lakini jua lilikuwa kali, na Heriel alifuta jasho akaomba maji ya kunywa. Mtungi wa nje ulikuwa mkavu, kwani bomba halikutoa kitu tangu juzi. Ndani kulikuwa na jagi moja tu, na Bernadina, ambaye kwao mgeni hanyimwi maji hata akija kukukamata, alimimina kutoka humo.

Heriel alinywa nusu ya bilauri, kisha akaishusha polepole. Aliiinua usawa wa dirisha. Maji yalikuwa meupe kabisa.

"Bibi," alisema, "maji haya mmeyapata wapi? Kwangu tunakunywa tope."

Ursula aliona kidole cha mumewe kikikaza kwenye mpini wa rungu.

"Ninayachuja mimi," Bernadina alisema. "Kwa kitambaa na jivu. Hivyo ndivyo alivyofanya mama yangu."

"Na mimi mama yangu alichuja kwa kitambaa. Hayakuwa hivi."

Akamgeukia Sylvesta, akampa bilauri ile ile. Sylvesta aliipokea, akanywa mpaka chini. Ursula alimwona akimeza, na akajua kuwa mumewe ameshaelewa kila kitu. Asubuhi ile alikuwa ameondoka humo nyumbani na kiu, amekunywa uji tu kwa kuwa hakutaka maji ya tope. Sasa alikuwa akitazama chini ya bilauri tupu.

"Ni yeye, ndugu Heriel," alisema hatimaye. "Mama ana mkono wake. Sisi tumeyazoea."

Heriel aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akashukuru kwa maji, wakatoka kwenda nyumba ya pili.

Sylvesta aliporudi jua lilikuwa halijazama. Hakuvua hata viatu. Alikwenda moja kwa moja stoo, akavuta gunia, akachuchumaa mbele ya chujio kwa muda mrefu.

"La nani?"

"La Mosi."

"Unajua kinachonipata likionekana? Unajua watasema nini? Kwamba nimekaa kwenye kikosi nikiwaficha walanguzi."

"Najua."

"Nalitupa chooni."

Ursula alimleta Eustace akamweka mikononi mwa baba yake. "Mpime kwanza," alisema. "Wewe kazi yako ni kupima. Mpime, halafu ulitupe."

Sylvesta alimshika mtoto. Eustace alimvuta sikio. Alikuwa na uzito sasa, na shavu. Sylvesta hakulitupa chujio siku ile, lakini alisema haliwezi kukaa, na kwamba yeye atatafuta njia nyingine.

Njia hiyo aliileta kesho yake, chini ya koti: chupa mbili za plastiki zenye maji, zimefungwa kutoka kiwandani, maandishi ya kigeni na picha ya mlima wenye theluji. Aliziweka mezani. "Haya ni maji wanayokunywa watalii," alisema. "Yakiisha nitaleta mengine. Hilo la Mosi lirudi kwake."

Bernadina alifungua moja, akatia tone ulimini, akafikiri. "Hayana ladha ya mahali popote," alisema.

"Yametoka wapi?" aliuliza Ursula.

"Ofisini kwa kikosi. Yalikamatwa kwa mtu mmoja wa hoteli. Yako katoni nyingi. Wakubwa wanayanywa mezani."

"Kwa hiyo la Mosi ni magendo. Na haya yaliyonyang'anywa mtu ni nini?"

Ursula hakutaka ugomvi, alitaka kujua tu mwanawe atategemea kitu gani. Bomba lilikuwa tope. Chupa zingekuja siku ambayo wakubwa wamebakisha, na siku wakizimaliza mtoto angekunywa nini? Chujio lilikuwa pale, likidondosha tone baada ya tone, kwa maji yoyote unayomimina. Alizisukuma chupa pembeni ya meza. Zilikaa pale na hakuna aliyezigusa tena.

Kabla hawajaelewana, Bushiri alikamatwa.

Dukani hawakukuta kitu ila viberiti na chumvi. Lakini nyuma ya kaunta walikuta boksi tupu la karatasi ngumu, lenye picha ya chujio. Waliuliza kilichokuwamo kiko wapi. Bushiri alisema ni cha matumizi ya nyumbani. Walikwenda nyumbani, hakipo. Basi ameuza, walisema, na ameuza kwa bei ya ulanguzi. Wakamweka ndani pamoja na wengine waliokuwa wakisubiri gari la kuwapeleka Arusha.

Mosi alikuja kwa Ursula akiwa hana hata khanga ya kichwani.

"Nipe nilipeleke," alisema. "Wakiliona watajua hakuuza. Nitasema nililizika uani kwangu kwa woga. Wewe sitakutaja."

Ursula alikuwa amekaa kwenye kigoda, Eustace akicheza na kifuniko cha sufuria. Alipaswa kuinuka mara moja. Hakuinuka. Lilimjia wazo baya, akaliacha likae: kwamba Bushiri ni mtu mzima na ana wenzake wa kumsaidia, na mtoto huyu hana mwingine. Kwamba angeweza kusema limeibwa.

Mosi aliliona wazo lile usoni mwake. Wanawake waliozoeana huonana hivyo. Hakumlaumu.

"Mama Sijaona, nipe nafasi kidogo," alisema Ursula.

Mosi alitoka. Ursula alijaza kila chombo alichokuwa nacho: jagi, birika, chupa ya chai, hata kibuyu cha maziwa cha Bernadina. Matone hayaharakishwi. Alikaa mbele ya chujio kama mtu anayekamua ng'ombe aliyekauka, na alipokuwa amekaa hivyo akaona jambo ambalo Mosi katika hofu yake hakuliona. Chujio lililozikwa haliwi na mishumaa iliyolowa. Haliwi na utando mpya wa tope la bomba la Babati. Heriel alishayanywa maji yale. Angeshika mshumaa mmoja tu na kujua, na Bushiri angehesabiwa uongo juu ya kosa la kwanza.

Alimfunga Eustace mgongoni. Alilibeba chujio kichwani bila kulifunika.

"Unakwenda wapi nalo mchana huu?" Bernadina aliuliza.

"Ofisini, mama."

Bibi alitazama mlango, akamtazama yeye. Kisha akachukua fimbo yake. "Basi usitembee haraka," alisema. "Magoti yangu ni mabaya."

Walipita barabara kuu wanawake wawili, na watu walitoka vibarazani kuangalia. Mosi aliwaona akiwa kwake, akawafuata nyuma. Mlangoni pa ofisi alisimama Sylvesta na rungu lake, zamu yake. Alipomwona mke wake, alisogeza rungu pembeni. Hakumzuia.

Heriel alikuwa mezani. Ursula alilitua chujio mbele yake.

"Hili ndilo mnalolitafuta. Bushiri hakuliuza. Mke wake alinipa nimchujie mtoto wangu maji, alikuwa amelazwa."

"Alikupa bure?"

"Bure."

"Siku tuliyokuja kwako, lilikuwa wapi?"

"Nyuma ya kihenge."

Heriel alichomoa mshumaa mmoja, akaukandamiza kwa kidole gumba. Ulitoa unyevu.

"Mume wako alijua?"

Ursula alikuwa amejiandaa kwa swali hilo njia nzima, na jibu lake lilikuwa hapana. Lakini sauti ilitoka mlangoni kabla yake.

"Nilijua," Sylvesta alisema. "Niliyanywa mbele yako, ndugu Heriel. Nikakudanganya."

Mezani, karibu na mkono wa Heriel, palikuwa na chupa yenye picha ya mlima wenye theluji, imebaki nusu. Ursula hakukusudia kuitazama, lakini macho yalitua hapo na kubaki. Heriel aliyafuata macho yake. Aliichukua chupa polepole, akaiweka chini ya meza, na baada ya hapo hakumwangalia tena usoni.

"Nendeni nyumbani," alisema. "Wewe, Sylvesta, weka rungu chini. Unabaki."

Sylvesta alilala ndani siku kadhaa, akatoka bila sare. Bushiri alipakiwa kwenye lori pamoja na wengine, lakini shtaka la kuuza halikuwemo kwenye mashtaka yake. Chujio lilibaki ofisini, na hakuna aliyeliona tena. Watu walisema lipo nyumbani kwa fulani, wengine wakasema kwa fulani. Ursula hakuuliza.

Maji ya akiba yaliisha. Sylvesta na mama yake walikwenda kwa ndugu zao kijijini Sigino wakarudi na magunia ya magunzi, na magunzi yaliwaka vizuri lakini hayakudumu. Siku moja yaliisha sufuria ikiwa imeanza tu kutoa mvuke. Ursula aliinua kifuniko, akaona vipovu vidogo, akajiambia yametosha. Hayakutosha. Usiku wa pili Eustace alianza kuharisha.

Muuguzi yule yule alimpokea, na hakusema, "Nilikuambia." Alitafuta mshipa kichwani mwa mtoto, akaukosa, akatafuta tena. Siku tatu Ursula hakulitaja jina la mtoto, kwa kuogopa kuliita na mwenyewe asiitike. Sylvesta alikaa nje ya wodi kwenye jiwe. Siku ya nne Eustace alilia kwa hasira, kilio cha mtoto mwenye njaa, na muuguzi akacheka kwa mara ya kwanza.

Walipomrudisha nyumbani walimkuta Mosi uani. Tangu siku ile ofisini hawakuwa wamezungumza sana. Kulikuwa na aibu katikati yao, ya Ursula kwa kusita na ya Mosi kwa kuiona. Mbele yake palikuwa na lundo la mbao kavu zilizorandwa, nyingine bado zina misumari. Alikuwa ameshawasha mafiga matatu na kutega sufuria kubwa, ile ya kupikia pilau ya arusi.

"Mbao hizi zimetoka wapi?" Ursula aliuliza.

"Shelfu za duka," alisema Mosi. "Duka halina kitu. Zinangoja nini? Lete ndoo zako. Tutachemsha ya nyumba mbili kwa moto mmoja."

Walichemsha hivyo siku baada ya siku, shelfu kwa shelfu, kisha kaunta. Maji ya bomba yalitutumka, wakayaacha yatokote mpaka Bernadina aseme basi, kwa maana yeye ndiye aliyejipa kazi ya kusimamia moto, na hakuwa mtu wa kudanganywa na mvuke. Yakituama, waliyamimina juu juu na kuacha tope chini. Yalikuwa na ladha ya moshi. Eustace aliyanywa, Sijaona akayanywa, na mvua zilipokuja watoto wote wawili walikuwa wakikimbizana uani.

Bushiri alirudi mwaka ukiwa unakaribia kwisha, amekonda, nywele zimeingia mvi. Alifungua duka lake akasimama mlangoni. Kuta zilikuwa tupu kuanzia chini hadi dari, zimebaki alama za misumari.

"Shelfu zangu ziko wapi?" aliuliza.

"Tumezinywa," alisema Mosi.

Bushiri alimtazama, akamtazama Ursula aliyekuwa amesimama nyuma ya Mosi na mtoto kiunoni. Alivuta boksi tupu akakaa juu yake, akaomba apewe maji.